Zitenganishe Pembetatu Kwanza

Juzi mwanafunzi wa kidato cha nne aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Pembetatu zinazofanana zimenishinda, bora niachane na hesabu." Ujumbe ule uliniuma. Nikiwa na umri wake, mtu aliyelipwa kunifundisha alisema mbele ya darasa zima kwamba wasichana tuhangaike na historia, hesabu tuwaachie wenye vichwa. Leo nafundisha hesabu hizohizo na wanafunzi wangu wanafaulu. Sijasahau, wala sioni kwa nini nisahau.

Mdogo wangu, hujashindwa. Pembetatu zinazofanana ni zile zenye umbo moja, hata kama ukubwa ni tofauti. Unasoma michoro miwili iliyolaliana kana kwamba ni mmoja. Chukua pembetatu ABC, A ikiwa juu. Mstari DE, ulio sambamba na BC, unakata AB kwenye D na AC kwenye E. AD ni sm 4, DB sm 2, DE sm 6. BC je? Wengi huandika 4/2 = 6/BC, wanapata 3, wanapiga mstari chini ya jibu na kusonga mbele. Hebu tazama mchoro: BC ni ndefu kuliko DE, itakuwaje 3? DB si upande wa pembetatu yoyote kati ya hizo mbili, ni kipande tu cha upande.

Mimi niliokolewa na kuchora upya. ADE peke yake, ABC peke yake, herufi zikipangwa kwa jozi: A na A, D na B, E na C. Hapo AB inajionyesha yenyewe kuwa 6. Skeli, yaani upande mkubwa kwa mwenzake mdogo (AB kwa AD), ni 6/4, sawa na 1.5, na BC ni 6 × 1.5, yaani sm 9.

Kwenye eneo ndipo wanapoanguka hata wanaojiamini. Skeli ya urefu ikiwa 1.5, ya eneo ni 1.5 × 1.5, yaani 2.25. ADE ikiwa na eneo la sm² 12, ABC ina 27, si 18. Ujazo nao unataka skeli iandikwe mara tatu: 1.5 × 1.5 × 1.5.

Vijana, choreni! Acheni uvivu wa penseli, na msikubali mtu awapimie akili. Choreni hata kama swali limekuja na mchoro wake, choreni tena.

Nawe ulioniandikia, jaribu hili: shamba lina sm² 3 kwenye ramani ya 1:50,000. Sentimita moja ni nusu kilomita, lakini usikimbilie kuandika km² 1.5. Kila sm² ni 0.5 × 0.5, yaani km² 0.25, kwa hiyo shamba ni km² 0.75, sawa na hekta 75.