JKT ya lazima "inarudi"? Kabla hujakimbilia sokoni, soma hapa

Mei ikiingia, kidato cha sita wakiwa kwenye mtihani, uvumi ni ule ule: serikali inarudisha jeshi la lazima. Dodoma unausikia mapema kuliko kwingine, labda kwa sababu makao makuu ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yako hapo Chamwino, na kila lori la kijani likipita barabara ya Morogoro watu wanalitafsiri. Mzazi mmoja anasema ni miaka miwili. Mwingine anaapa kwamba asiyekwenda hapati chuo. Wa tatu ameshatumiwa karatasi ya majina kwenye WhatsApp na anaulizia bei ya bukta.

Ukweli ni kwamba hakuna kinachorudi, kwa sababu kilisharudi. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na sheria yake ni ya 1964. Mwaka 1966, wasomi walipoambiwa nao lazima waende, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam. Kilichowauma zaidi ni kukatwa asilimia 60 ya mshahara wakati wa utumishi. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400. Utaratibu uliendelea hata hivyo, ukasimamishwa 1994, ukarejeshwa 2013. Tangu hapo wahitimu wa kidato cha sita wanaitwa "kwa mujibu wa sheria", na vijana wenyewe wamekata neno wanasema tu "mujibu". Babu anayekuambia mjukuu atakaa kambini mwaka mzima hakudanganyi, anakusimulia JKT yake. Ya sasa ni miezi mitatu.

Mengine yanayovuma yajibiwe haraka. Kidato cha nne hawaitwi kwa mujibu. Mlango wao ni kujitolea, ambao una tangazo lake, maombi yake na mkataba wake. Mafunzo ya miezi mitatu hayamwandikishi mtoto jeshini: akimaliza anarudi nyumbani. Chuo kikuu kinadahili kwa matokeo ya NECTA (Baraza la Mitihani), hakiulizi cheti cha JKT. Hilo lisichukuliwe kuwa ruhusa ya kubaki nyumbani, maana wito ni wa kisheria. Ni kwamba tu hofu ya kukosa chuo haina msingi.

Sasa ile karatasi ya majina. Kosa la kwanza la kila mwaka ni PDF ya mwaka jana kusambazwa kama ya mwaka huu. Soma mstari wa juu, mahali panapotajwa wahitimu wa mwaka gani, kisha tarehe ya kuripoti. Tarehe hizo kwa kawaida huangukia mwisho wa Mei au wiki ya kwanza ya Juni. Halafu achana na karatasi yenyewe, ingia jkt.go.tz utafute jina kwa shule aliyosoma. Usiishie kwenye jina. Akina Neema John na Emmanuel Petro wako wengi nchi hii. Linganisha shule, jinsia na majina yote matatu. Matangazo ya miaka ya karibuni huita wahitimu wa shule zote za Tanzania Bara. Ile hali ya 2013, wengi kubaki kwa sababu kambi hazikutosha, isikufanye ukae ukisema "wetu hajaitwa" bila kuangalia.

Kambi inayotajwa ndiyo ya kwenda. Kila mwaka kuna mzazi wa Kikuyu au Chang'ombe, hapa Dodoma, anayeona mtoto kapangiwa Bulombora, kule Kigoma, akaamua kumpeleka Makutupora kwa sababu ni hapa tu barabara ya Arusha, kwenye zabibu. Atafika getini jina lisionekane, na siku za kuripoti zinakwisha huku nauli ya Kigoma bado haijatafutwa. Mwenye ulemavu wa mwili unaoonekana kwa macho ndiye mwenye utaratibu tofauti: matangazo humwelekeza Ruvu JKT, Mlandizi, mkoani Pwani, yenye miundombinu ya kumhudumia.

Kwenye vifaa ndipo pesa za watu zinapopotea. Bukta inayotakiwa ni ya bluu iliyoiva, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, mfuko mmoja tu nyuma, urefu uishie magotini. Msimu ukifika, kila bukta ya bluu sokoni huitwa "ya JKT", hata yenye zipu na mifuko mitatu. Fundi cherehani wa soko la Majengo akiipata karatasi ya tangazo mkononi ataishona vizuri na kwa haraka kuliko wewe kuzunguka soko la Sabasaba siku mbili. Fulana ni ya kijani. Raba ni za michezo, kijani au bluu, na hapa usibane matumizi wala usinunue siku ya safari. Nunua wiki mbili kabla, zenye nafasi ya kidole gumba mbele, mtoto azivae akikimbia nazo asubuhi akiwa na soksi ndefu nyeusi, ambazo nazo zinatakiwa. Raba mpya kwenye mchakamchaka wa alfajiri hutoa malengelenge siku ya pili, na kuruta mwenye malengelenge anachechemea kwenye kwata wiki nzima.

Shuka ni mbili, bluu bahari. Kuna na trakisuti ya kijani au bluu, na nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa ya baridi. Neno hilo "mikoa ya baridi" huwapotosha watu wa kwetu. Aliyepangiwa Mafinga anajiandaa, aliyepangiwa Makutupora anasema Dodoma jua kali. Juni na Julai hapa ni kipupwe, usiku una upepo unaopenya, na kuruta anaamshwa kabla jua halijafikiria kutoka. Sweta moja liwepo. Kila kitu kishonewe jina kwa uzi, kwa ndani. Kalamu ya wino hufutika baada ya kufua mara chache, na ndani ya hanga moja, yaani bweni la kambini, kuna shuka za bluu bahari nyingi zinazofanana kama mapacha.

Nauli iwe ya kwenda na kurudi, na ya kurudi asiishike kama pesa ya matumizi.

Linaloumiza familia nyingi zaidi ya bukta ni mkopo wa masomo na udahili wa chuo. Matokeo ya kidato cha sita hutoka kwa kawaida mwezi Julai, na dirisha la vyuo hufunguka mtoto akiwa kambini, bila simu mkononi. Ndiyo sababu tangazo linawataka waende na cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na nyaraka nyingine za udahili. Ila kazi kubwa ifanyike kabla hajapanda basi kituo cha Nanenane. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe kwa mtandao RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Bodi ya Mikopo haipokei kisichohakikiwa, na uhakiki hauishi siku moja. Mdhamini apatikane mapema, picha na kitambulisho chake viwe tayari. Namba ya mtihani ya kidato cha nne iandikwe kwenye daftari pamoja na barua pepe na nywila, daftari libaki kwa mtu mmoja anayeaminika.

Na namba ya simu! Ukichaguliwa na chuo zaidi ya kimoja, unathibitisha kwa msimbo unaotumwa kwa ujumbe wa simu. Kijana akijaza namba yake mwenyewe, laini ikiwa imezimwa ndani ya begi, msimbo unaingia hakuna anayeusoma, siku za uthibitisho zinapita. Ijazwe namba iliyoko mikononi mwa mtu wa nyumbani anayejua kwamba ujumbe huo unakuja.

Afya isifichwe. Mwenye pumu, selimundu, kifafa au aliyewahi kupasuliwa aende na barua ya daktari na dawa za kutosha, na aseme siku ya kupokelewa, kwenye vipimo. Wanaoficha hufanya hivyo kwa kuogopa kurudishwa. Vumbi, baridi na mbio za alfajiri huwaumbua ndani ya wiki ya kwanza, na hapo anayemhudumia hajui hata anaanzia wapi.

Uvumi huu una watu unaowalisha. Atakupigia mtu ajiite afande, aseme kwa shilingi elfu kadhaa anamhamishia mtoto kambi ya karibu, au anamwingiza kwenye kujitolea "kisha ajira moja kwa moja". Wito wa mujibu hauna ada. Nafasi za kujitolea haziuzwi, na JKT husema wazi katika matangazo yake kwamba haitoi ajira. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Kama anayedai hela ni mtumishi wa kweli, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu 113, bila malipo.

Akimaliza atapewa cheti. Kitengenezewe nakala wiki hiyo hiyo na cha asili kifungiwe pamoja na vya shule, kwa sababu matangazo ya kuandikishwa JWTZ (Jeshi la Wananchi) kwa kawaida hutaka aliyepitia JKT, na mwenye kusema "nilikwenda ila cheti kilipotea" hana cha kuambatanisha.