Walipie kwanza kazi isiyo na utepe wa kukata

Swali la wiki lilikuwa: "Wafadhili wa nje wakipunguza fedha za utafiti wa afya, serikali ianze kulipia nini?"

Jibu langu ni hili: ianze na upimaji wa mara kwa mara wa dawa tunazozimeza, kuona kama bado zinaponya. Majengo mapya yasubiri.

Msomaji wa umri wangu anaikumbuka klorokwini, dawa yetu ya malaria ya zamani, uchungu wake na ule muwasho wa kujikuna usiku kucha. Tanzania iliiacha mwaka 2001 ikahamia SP, ambayo wengi waliijua kama Fansidar. SP nayo haikudumu, na 2006 ikaingia dawa mseto, ALu, ambayo ndiyo tunapewa hadi leo. Wengi wanadhani mabadiliko hayo yalianzia kwenye waraka wa wizara. Waraka huja mwisho. Kinachotangulia ni watoto wenye malaria isiyo kali kupewa dawa katika vituo kama Mkuzi kule Muheza, au Mlimba, kisha kufuatwa kwa siku 28. Kidole kinatobolewa tena na tena. Tone moja linakwenda kwenye kioo, na sisi wa maabara tunahesabu vimelea huku tukihesabu seli nyeupe mpaka 200. Tone jingine linakaushwa kwenye karatasi ya chujio kwa ajili ya kipimo cha vinasaba, ili malaria ikirudi ijulikane kama ni ile ile iliyoishinda dawa au mbu ameleta nyingine. Shirika la Afya Duniani linashauri nchi ibadilishe dawa pale uponaji unaposhuka chini ya 90%.

Kazi hii inachosha macho, na hakuna waziri atakayeitwa kuja kukata utepe.

Sasa tazameni Kagera. Mwaka 2020 watafiti walieleza kwamba Rwanda kuna vimelea vyenye badiliko la kinasaba liitwalo R561H, linaloifanya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, ichelewe kuviua. Baadaye Deus Ishengoma na wenzake wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, wakalikuta upande wetu, hasa Karagwe. Dawa mseto bado inaponya huko, lakini kwa baadhi ya wagonjwa vimelea vinaonekana hata siku ya tatu. Hiyo ndiyo taarifa ya kutunyima usingizi, na uchunguzi ulioitoa ulilipiwa kwa sehemu na mfuko wa Bill Gates. Sina ugomvi naye, nashukuru. Ila nchi nzima inameza dawa moja, na swali la kama dawa hiyo inafanya kazi linategemea kikao cha bodi ya mfuko huo huko Seattle!

Tumeona mambo hayo yanavyoweza kugeuka. Januari 20, 2025 Rais Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na miradi ya USAID, shirika lao la misaada, ikaambiwa iweke kalamu chini. Mwezi Mei taasisi za taifa za afya za Marekani (NIH) zikatangaza kusitisha utaratibu wa vyuo vya kwao kugawana ruzuku zao na washirika wa nje. Uingereza nayo ilishasema itashusha misaada kutoka 0.5% hadi 0.3% ya pato lake ifikapo 2027. Fedha ni zao, hawatudai maelezo.

Najua wasomaji wengine watajibu kwa asilimia. Umoja wa Afrika umekuwa ukihimiza 1% ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Wakenya walikwenda mbali zaidi: sheria yao ya sayansi ya 2013 inaitaka Hazina itoe 2% ya pato la taifa kila mwaka kwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Haijawahi kukaribia. Mimi nadhani asilimia kubwa hutamkwa kirahisi kwa sababu hakuna anayetegemea kuziona. Afadhali kiasi kidogo chenye fungu lake, kinachotoka kwa wakati. Wagonjwa hujaa masika na miezi inayofuata. Fedha za vitendanishi, yaani kemikali za vipimo, zikitoka Agosti, msimu umepita, na zikikaa mpaka Juni 30 bila kutumika zinarudi Hazina.

Kiasi hicho kilipie nini? Mafuta ya jenereta ya jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Vitendanishi. Zaidi ya yote, ajira ya kudumu ya wasoma vioo. Mradi ukiisha, mkataba nao umeisha. Mmoja wa wenzangu, jicho lake sijaona mfano, sasa ni muuzaji katika duka la dawa muhimu.

Nina sharti moja, na hapa sitaki kupakapaka maneno. Anayelipa akubali kusomewa majibu. Desemba 2016 mkurugenzi mkuu wa NIMR, Dk. Mwele Malecela, alitangaza kwamba utafiti wa taasisi yake umeona dalili za virusi vya Zika nchini. Wizara ikakanusha, na siku ya pili Rais Magufuli akamwondoa kazini. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilimpa idara nzima ya kuongoza. Kenya ilikosea upande wa pili: mwaka 1990 Rais Moi alijitokeza kuinadi Kemron, dawa ya UKIMWI kutoka KEMRI, taasisi yao ya utafiti wa tiba, na majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha kitu. Mmoja aliadhibu habari mbaya, mwingine aliikimbilia habari njema. Kwa hiyo sheria ya fedha hizo iseme matokeo yachapishwe ndani ya muda uliowekwa, waziri apende asipende.

Wizara inaposoma bajeti yake bungeni, nataka isome mambo matatu kwa kila kituo cha upimaji: kiasi kilichoidhinishwa mwaka uliopita, kiasi kilichotoka, na tarehe kilipotoka.