Tufaha la Black Oxford: Nunua Oktoba, Kula Februari

Ukiishi jimbo la Maine, Marekani, ukapita shambani mwishoni mwa Oktoba na kukuta kapu la matufaha meusi kama zambarau, nunua. Lakini usiyale. Yaweke.

Najua ushauri huu unamkera mtu aliyekwisha kushika tunda mkononi. Ila Black Oxford likitoka mtini ni gumu mno, na utamu wake bado umefichwa na ukali. Dada yangu aliling'ata palepale kwenye gari, akaniambia bora angenunua matufaha ya Honeycrisp ya dukani. Nilinyamaza. Februari nikamkatia vipande vya kapu lile lile bila kumtajia jina, akataka kujua nimeyanunua wapi.

Siri iko kwenye kukaa. Tunda likihifadhiwa baridini, wanga wake hugeuka sukari na tindikali hupungua taratibu, kwa hiyo ladha hutulia huku nyama ikibaki imara. Tufaha la kiangazi haliwezi hivyo. Wiki chache tu limekuwa unga. Wakulima wa zamani hawakuwa na friji, kwa hiyo walitunza kwa makusudi aina za kuvunwa mwisho wa msimu na kuliwa Machi, theluji ikiwa bado nje. Hili ni mojawapo. Lilianza kama mche uliojiotea wenyewe mnamo 1790 hivi huko Paris. Si Paris ya Ufaransa, ni Paris ya kaunti ya Oxford, Maine, kaunti ambayo pia ina miji inayoitwa Norway, Peru na Mexico. (Waliotoa majina hayo walikuwa na hamu ya kusafiri kuliko sisi tuliosafiri kweli.)

Sasa uhifadhi, maana hapa ndipo watu wengi wanaponipigia simu.

Chagua yenye kikonyo chake, yasiyo na mchubuko wala tundu la mdudu. Yenye kasoro yatenge, hayo ni ya kupika wiki hiyo hiyo. Usiyaoshe kabla ya kuyaweka. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 0 na 4 za Selsiasi, tena mahali penye unyevunyevu, kwa sababu hewa kavu huyakunja ngozi. Kwa sisi wa fleti, jibu ni droo ya chini ya friji: yatie kwenye mfuko wa plastiki uliotobolewa matundu machache, usiufunge kabisa. Mwenye nyumba yenye chumba cha chini kisicho na hita amebarikiwa. Ayaviringe moja moja kwa gazeti na kuyapanga kwenye boksi. Gereji inafaa kwa muda tu, kwani tufaha huganda kwenye nyuzi kama 2 chini ya sifuri, na Januari ya huku inashuka mbali sana ya hapo.

Usiyaweke pamoja na viazi wala karoti. Matufaha hutoa gesi ya ethilini, nayo huifanya karoti iwe chungu. Kagua kila wiki, na lililoanza kuoza litoe siku hiyo hiyo. Kama familia ni ndogo, nusu busheli inatosha, yaani kilo 9 au 10 hivi. Mtu akiona kapu zima kwa bei ya shambani mkono humwasha, kisha friji inakosa nafasi ya maziwa.

Jikoni sina mengi. Kwa pai linafaa kwa sababu halirojeki upesi. Mimi hulikaanga na siagi, iliki na mdalasini kidogo, nikala na chapati. Kwa maoni yangu hakuna kifungua kinywa cha Jumapili kinacholishinda.

Wapo wanaotaka kupanda. Msipande mbegu: mti utakaoota hautakuwa Black Oxford, kwa sababu tufaha huchavushwa na mti mwingine na mbegu hazifuati mama yake. Aina hii imefika kwetu kwa kubebesha, kijiti kutoka mti hadi mti kwa zaidi ya miaka 200. Vijiti hukatwa mti ukiwa umelala, Februari au Machi, na kubebeshwa majira ya kuchipua. Ukitaka kuona miti ya zamani kama hii, Maine Heritage Orchard iko Unity, chini ya MOFGA, chama cha wakulima wa kilimo hai. Panda na aina nyingine inayochanua wakati mmoja nayo, maana peke yake haitazaa vizuri. Zungushia shina wavu wa chuma kabla ya theluji. Panya huchimba chini ya theluji na kula gome pande zote, mti ukafa. Kulungu nao wanataka uzio.

Na nyumbani? Kila nikituma picha, kuna mjomba anayeomba nimpelekee kijiti cha kupanda Lushoto, Tanzania. Hata kama kingepita kwenye ukaguzi wa mimea bila cheti, jambo ambalo silishauri, mti huu unahitaji wiki nyingi za baridi kali ili uamke na kuchanua. Lushoto kuna ubaridi wa kuvaa sweta, si wa kuulaza mti huu. Mjomba nilimwambia atafute mche wa Anna uliobebeshwa, aina iliyozalishwa Israeli kwa ajili ya nchi zenye baridi kidogo, na apande karibu yake aina nyingine isiyodai baridi, kama Dorsett Golden. Tufaha la Anna halidumu kwa muda mrefu kama hili letu, basi alile mara tu baada ya kulivuna.