Tuliambiwa "ni lugha tu", tukapoteza miaka miwili

Binti yetu alifika nyumbani akiwa na miaka mitano. Au minne, au sita. Tarehe ya kuzaliwa iliyokuwa kwenye faili lake ilikadiriwa tu. Tulimwasili kutoka nchi nyingine, kwenye kituo cha watoto alikoingia akiwa mchanga. Siku hizi wenzangu wanaosubiri mtoto wa kuasili kutoka nje huniuliza waanzie wapi. Kabla sijagusa kitanda wala nguo huwaambia: msikubali kuambiwa ni lugha tu.

Sisi tuliambiwa hivyo na kila mtu, kuanzia daktari wa kwanza na mwalimu hadi mashangazi. Hasemi sana? Lugha ngeni hiyo, mpeni muda. Herufi hazishiki? Lugha. Anawapiga wenzake? Hana maneno ya kujieleza, maskini. Miezi ya mwanzo maelezo hayo yana ukweli ndani yake, ndiyo maana yanaingia kirahisi. Nasi tulitaka kuyaamini, tusiwasingizie watu.

Tulichopaswa kufanya ni kumtafuta mtaalamu wa matatizo ya lugha ya watoto anayezungumza lugha ya kwao binti, amsikilize katika wiki zile za kwanza. Mtoto aliyekulia kituoni, mlezi mmoja akihudumia wengi, husikia amri nyingi na mazungumzo machache. Mara nyingi anakuwa nyuma hata katika lugha yake mwenyewe. Kama hapo yuko nyuma, lugha mpya haitamponya. Na kipimo hicho hakingoji: lugha ya zamani huyeyuka upesi ajabu. Wetu kabla ya mwezi wa sita tangu afike alikuwa hajibu tena salamu ya kwao. Alinitazama kama mtu aliyesikia redio ya jirani.

Hapo ndipo shule nyingi hukosea. Humweka pamoja na watoto wa wahamiaji wanaojifunza lugha ya pili. Lakini mtoto wa wahamiaji ana lugha ya mama yake inayomngoja nyumbani kila jioni. Ya pili anaijenga juu ya msingi huo. Wetu msingi ulibomoka kabla ukuta haujainuka, na kwa muda fulani hakuwa na lugha hata moja ya kufikiria kwa kina.

Halafu kuna mtego wa ufasaha. Mwaka wa pili alikuwa anapiga soga na kutania, na wageni wakasema, "Si mnaona, amekwisha kuzoea." Lugha ya kuchezea huja ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ile ya darasani huchukua miaka mingi zaidi, mitano hata saba. Jioni moja tulikaa mezani na swali hili: mtoto mmoja ana kalamu saba, nazo ni tatu zaidi ya za mwenzake, mwenzake ana ngapi? Akajibu kumi bila kusita. Nikamwambia asome tena. Kumi. Nikapandisha sauti, nakiri. Akaweka kidole juu ya neno "zaidi" akaniambia, kwa upole wa mtu anayemsomesha mjinga, "Mama, hapa wamesema tuongeze." Kujumlisha alikuwa anajua. Hakuwa na picha ya "zaidi ya". Tukachukua kalamu kumi na moja, tukazipanga safu mbili, ya saba na ya nne, na tukakaa nazo mpaka usiku. Asubuhi alikuwa amesahau.

Kusahau huko ndiko kulikotuamsha. Mwalimu aliandika kwenye daftari kwamba jana aliweza, leo anajifanya hajui. Kumbe kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile inayoshikilia maagizo wakati unayatekeleza, ilikuwa dhaifu sana. Tulipopata vipimo kamili, vikaonyesha pia kwamba sikio la kushoto lilikuwa linasikia kwa shida. Miaka miwili! Kwa hiyo hata kama anaonekana mzima wa afya, mpimeni masikio na macho mapema, na damu iangaliwe upungufu wa chuma na sumu ya madini ya risasi. Ufupi wake usiwashtue sana, kwa kuwa madaktari wa watoto hawa wamezoea hesabu ya takriban mwezi mmoja wa ukuaji wa kimo kupotea kwa kila miezi mitatu ya kituoni, na wengi hukimbilia kufidia wakishapata familia. Ulizeni pia kuhusu pombe wakati wa ujauzito. Faili mara nyingi liko kimya juu ya hilo, na kimya hicho msikichukue kuwa jibu.

Kuna usiku nilisoma habari za watoto wa Romania walioasiliwa Uingereza baada ya dikteta wa nchi hiyo, Ceaușescu, kuanguka mwaka 1989. Daktari wa akili za watoto Michael Rutter na wenzake waliwafuatilia hadi utu uzima. Waliotoka vituoni kabla ya miezi sita wengi walifanana na watoto wengine. Katika waliokaa zaidi, wengi walibaki na shida ya umakini na ya kuelewana na watu, ingawa hata kati yao wapo ambao hawakuwa na tatizo lolote. Nililia kidogo, kisha nikaacha kutafuta kosa letu, au lake.

Mambo ya moyo huenda sambamba na ya darasani. Mwanzoni alikuwa akianguka anasimama, anajipangusa magoti, anaendelea. Wageni wakamsifu kwa ujasiri. Mimi nilikuwa nahisi baridi tumboni: huyo ni mtoto aliyejifunza kwamba ukilia haji mtu. Tulikubaliana kwamba kwa miezi ya kwanza kumlisha, kumwogesha na kumbembeleza ni sisi wawili tu, hata mashangazi walipokasirika (na walikasirika kweli). Mwezi wa tisa tangu afike alijibana kidole kwenye droo akanikimbilia akipiga kelele. Nilimpulizia kidole huku nikificha furaha yangu, maana ingeonekana ni wazimu.

Shuleni tuliomba vitu vidogo: akae upande ambao sikio la kulia linamwelekea mwalimu, apewe agizo moja kwa wakati, na ratiba ya siku iwe ya michoro. Ile kazi ya "lete picha yako ya utotoni" tuliiomba ibadilishwe, maana yeye hana hata moja. Mwalimu hakuwa amefikiria kabisa.

Kila mwaka wa shule unapoanza, namwandikia mwalimu mpya ukurasa mmoja: anachoweza, kinachomchosha, dalili kwamba amezidiwa kabla hajavunja kitu. Zamani nilikuwa naandika kurasa nne, na hakuna aliyezisoma. Mwaka huu binti aliomba kuusoma kabla haujaenda. Alifuta sentensi yangu moja kuhusu "historia yake", akasema hiyo ataieleza mwenyewe akitaka. Kisha chini kabisa, kwa mwandiko wake mkubwa, akaongeza: "Usiniambie mambo matatu kwa pamoja. La kwanza ninalishika."