Kabla hujaiamini hesabu ya usingizi, kagua saa

Mara ya kwanza nilipokabidhiwa mafaili ya vihisi vya mkononi, vile vinavyofanana na saa isiyo na kioo, nilidhani kazi ngumu itakuwa kuijua programu. Programu ilinichukua wiki mbili hivi. Kilichonitesa kwa miezi ni saa, yaani namna sisi wenyewe tunavyozihesabu saa za siku, jambo ambalo sikulikuta katika mwongozo wowote niliousoma.

Kihisi cha aina hii, kwa mfano Axivity AX3 ambacho washiriki takriban 100,000 wa UK Biobank, mradi mkubwa wa utafiti wa afya nchini Uingereza, walikivaa kwa siku saba kati ya mwaka 2013 na 2015, hakipimi usingizi wala hatua. Kinapima mchapuko, yaani jinsi mwendo unavyobadilika, katika mihimili mitatu, mara 100 kwa sekunde, basi. Kulala, kutembea na kukaa ni tafsiri inayofanywa baadaye na programu, na ndiyo sababu nashauri programu huria: ukitaka kujua tafsiri hiyo ilifikiwaje, unafungua msimbo na kuusoma. Mimi hutumia GGIR, kifurushi cha bure cha lugha ya kompyuta iitwayo R, kilichoanzishwa na Vincent van Hees. Waliozoea lugha nyingine, Python, wanayo pyActigraphy. GGIR huanza kwa kukisahihisha kihisi chenyewe kwa msaada wa mvutano wa dunia, kwa kuwa kihisi kilichotulia kinapaswa kusoma g 1 kwa upande wowote kilikolazwa, kisha hutafuta vipindi ambavyo hakikuvaliwa. Usingizi huutambua kwa kanuni nyepesi ya kushangaza: pembe ya mkono isipobadilika zaidi ya nyuzi 5 kwa angalau dakika 5, mtu huhesabiwa kuwa ametulia, na utulivu huo ukiangukia ndani ya muda wa kulala, ndio unaoitwa usingizi.

Muda huo wa kulala programu inaweza kuukadiria yenyewe, au ukaipatia wewe kutoka kwenye shajara ya mshiriki, yaani maelezo yake ya saa anazolala na kuamka. Hapo kwenye shajara ndipo tulipoteleza.

Mama mmoja anayeuza dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alieleza kuwa hulala saa nne na kuamka saa kumi na mbili. Mwenzetu aliyeingiza taarifa akaandika 04:00:00 na 12:00:00, kwa sababu faili la shajara hutaka muda kwa mtindo wa saa 24 naye alinakili tarakimu alizozikuta kwenye fomu. Programu haikulalamika. Wala sisi hatukushtuka, kwa maana saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa nane, na 04:00 hadi 12:00 ni saa nane vilevile. Jumla ilikuwa sahihi, ila usiku mzima ulikuwa umehamishwa kwa saa sita. Matokeo yakasema mama huyu hukaa kitandani saa nane na kuambulia usingizi wa saa mbili na kidogo, nasi tukaanza kujadiliana kwa sauti ya wataalamu kuhusu tatizo la kukosa usingizi miongoni mwa wafanyabiashara wa samaki. Nilipofungua michoro ya PDF ambayo GGIR huitoa kwa kila mshiriki, nikaona mstari wa pembe ya mkono umenyooka tuli kuanzia saa nne usiku, na ilipofika saa kumi na mbili asubuhi ukawa vurugu tupu, kwani mama alikuwa ameshaingia kazini. Tangu siku hiyo siifungui jedwali la matokeo kabla ya kutazama mchoro wa angalau mtu mmoja kati ya kila watano.

Sambamba na hilo, taja ukanda wa saa waziwazi. Usipoujaza, GGIR huchukua ule wa kompyuta unayoitumia, na kompyuta mpakato iliyotoka ng'ambo inaweza kuwa bado inaishi London. Andika desiredtz = "Africa/Dar_es_Salaam", na kama kihisi kiliandaliwa katika nchi nyingine, jaza pia configtz, yaani ukanda wa kule kilikoandaliwa.

Wavuvi wa dagaa ni habari nyingine. Hawa huingia ziwani usiku wa giza na taa zao, na mbalamwezi ikikolea hupumzika kwa kuwa mwanga wa taa hauvuti tena dagaa, kwa hiyo siku saba zilizopangwa kwa kalenda ya ofisi zinaweza kuangukia zote kwenye mapumziko; uliza mwezi kwanza, ndipo ugawe vihisi. Wakati wa giza nako kuna mitego yake. Mvuvi aliyeketi kimya akisubiri dagaa wakusanyike chini ya taa anaweza kuonekana ametulia sawasawa na aliyelala, na kihisi hakina njia ya kumtofautisha. Usingizi wa mchana programu imeufikiria: kwa kawaida hutafuta usingizi kuanzia adhuhuri hadi adhuhuri ya siku inayofuata, na mtu akiamka baada ya adhuhuri, hukisogeza kipindi hicho kianze saa kumi na mbili jioni. Shida kubwa zaidi ni waliokuwa wakikivua kihisi kila waendapo majini, wengine kwa kuhofia kwamba kinawafichua mahali wanapovua, ingawa AX3 haina GPS. Mpangilio wa awali wa GGIR hudai saa 16 zenye data halali ndipo siku ihesabiwe, hivyo mvuvi aliyekiacha nyumbani kwa saa kumi na moja aliipoteza siku nzima. Ningelijua hilo mapema, ningetumia nusu saa zaidi ufukweni kueleza, badala ya wiki nzima ofisini kutafuta siku zilizopotea.

Kuhusu umeme, usiwe na wasiwasi sana. Hatua ya kwanza ya uchakataji wa mafaili ndiyo ndefu, lakini kila faili likikamilika huhifadhiwa. Umeme ukikatika, unaanzisha upya amri ileile huku mpangilio wa overwrite (kuandika upya juu ya yaliyopo) ukiwa FALSE, na programu inaruka yaliyokwisha.

Fomu yetu ya shajara siku hizi haina nafasi ya tarakimu. Msaidizi huandika maneno kama alivyoyasikia, "saa nne na nusu usiku", na mistari michache ya R ndiyo inayoyageuza kuwa 22:30:00.