Usimwandike Bibi Yako "Hakuolewa" kwa Kukosa Cheti

Dada mmoja wa Muheza kaniandikia wiki iliyopita. Anakusanya habari za ukoo wao. Bibi yake aliolewa Pangani, akaachwa, akarejewa, akaachwa tena, akaja kufia kwa mume mwingine hapa Tanga. Kwenye hali ya ndoa aandike nini?

Andika ndoa zenyewe, dada. Kila ndoa na mstari wake: na nani, wapi, mwaka gani, iliisha kwa talaka au kwa kifo, na nani kakupa habari. Ukiandika "mtalaka" peke yake umemfuta mume wa mwisho.

Mimi jambo hili linaniuma mpaka leo. Ukoo wa baba yangu ulichapisha shajara kubwa, yaani mti wa majina ya ukoo, ikabandikwa ukumbini Ngamiani siku ya Idi, watu wanapiga nayo picha. Wake wawili wa babu wameandikwa "mke". Bibi yangu mimi, aliyemzaa baba, kawekewa jina tupu na kistari. Nikamuuliza aliyeiandaa, akanijibu mbele za watu kwamba cheti chake hakikuonekana. Baba alikuwepo. Aliinamia sahani yake ya pilau, asiseme neno.

Cheti kitoke wapi? Bibi aliozeshwa na mwalimu wa chuo cha Kurani, barazani kwa baba yake, kabla ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Na hata sheria hiyo haisemi kwamba ndoa inabatilika kwa kutosajiliwa tu. Jina nalo halikusaidii, kwani mwanamke wa pwani akiolewa hubaki na jina la baba yake, binti fulani mpaka kaburini.

Nikawaendea wazee. Sikuuliza kama bibi aliolewa. Niliuliza babu alipokufa ni nani waliokaa eda, ule muda wa kungoja wa mke aliyefiwa au aliyeachwa. Bi mkubwa mmoja wa Pongwe akanitajia hadi chumba: miezi minne na siku kumi, bibi na wakewenza wake, na yeye, msichana wakati huo, ndiye aliyekuwa akiwachotea maji. Asiye mke hakai eda ya kufiwa! Kisha nikafuata mirathi. Mume akiacha watoto, wake wote hugawana thumuni, yaani moja ya nane. Kwenye karatasi ya mgawo bibi yangu kapata theluthi ya thumuni hiyo, sawasawa na wenzake. Shajara imechapishwa upya na ameandikwa "mke". Najivunia kazi hiyo kuliko yoyote niliyowahi kuifanya.

Ndugu zangu, tuwaheshimu bibi zetu. Penye shaka andika "haijajulikana", usimvunjie mtu heshima kwa kubahatisha. Ukiambiwa fulani alipewa talaka moja, uliza kama alirejewa ndani ya eda, maana akirejewa ndoa ni ile ile. Na walio hai waulize wenyewe kabla ya kuandika. Mama yangu mdogo kaniruhusu ndoa yake ya pili tu. Ya kwanza sijaigusa.