Asali ya Kwenye Mbuyu

Mpwapwa

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako umenikosesha usingizi. Unauliza kama ni kweli asemavyo mama mkwe wako, kwamba aliyejifungua Kulwa na Doto ana tumbo jepesi, kwa hiyo Shija, mtoto anayezaliwa baada ya pacha, afuate upesi. Na pacha wenyewe wana miezi mitano tu!

Nimezalisha wanawake miaka zaidi ya thelathini, na neno hilo nimelisikia hata kwa wakunga wenzangu. Lina chanzo chake. Ukihesabu vizazi vya zamani, kina mama wa pacha walijifungua mara nyingi kuliko wengine. Hata wataalamu walidhani ni kwa sababu wanashika mimba kirahisi.

Sasa fikiria wanawake wawili wa hapa kwetu, mmoja anakwenda kuni kila siku, mwingine mara moja kwa wiki. Siku mmoja wao akikuta asali kwenye tundu la mbuyu, mara nyingi atakuwa yule wa kila siku. Je, asali ndiyo iliyompa miguu? Bibi yako alijifungua mara kumi na moja, pacha wakaja mimba ya tisa. Angeishia watoto watatu kama shangazi yako, nani angemwita Mama Kulwa?

Mwaka 2022 watafiti walitoa matokeo ya kumbukumbu za kina mama zaidi ya 20,000 wa Ulaya ya kabla ya viwanda, wakaona jambo hilo hilo. Waliozaa mara nyingi walipata nafasi nyingi za kukutana na pacha. Nafasi hizo zilipozingatiwa, wenye mwelekeo wa kuzaa pacha walionekana kujifungua mara chache zaidi. Na pale pacha walipokufa kwa wingi, watoto wao waliofika utu uzima walikuwa wachache.

Utafiti wa zamani kidogo, wa Ufini, ndio ulionigusa. Visiwani, kwenye samaki wa uhakika, pacha walimwongezea mama watoto waliokua. Bara, mavuno yalikokosekana mara kwa mara, aliyezaa mmoja mmoja ndiye aliyekuza wengi. Nikaikumbuka Mtunya, njaa ya hapa Ugogo ya 1917 hadi 1920, ambayo bibi alisimuliwa na mama yake. Mwanamke hana uji wa uwele wala mlenda, na vinywa viwili vinavuta titi moja. Mwaka wa mvua angeitwa mwenye baraka. Mwaka ule waliwalaumu wanawake kwa kosa la mawingu, na hilo linaniuma hadi leo.

Wewe umejifungua mara moja. Hakuna anayeweza kuupima wepesi wa tumbo lako kwa hilo. Umebeba wawili, unanyonyesha wawili, na kliniki walikwambia damu ni pungufu. Mama wa mtoto mmoja tunamshauri akae angalau miaka 2 kabla ya kubeba mimba nyingine. Wewe usikubali pungufu ya hapo.

Mkwe mwenzangu nitaongea naye mwenyewe. Nakuja Jumamosi na treni, nina unga wa uwele na karanga zako.

Mama yako